Mchukuzi wa Admirali Bihemo

Kuanzia Ujiji hadi ng'ambo ya Ziwa, hakuna mtu aliye hai anayezijua manowari kuliko mimi. Nimewahi kuingia moja. Ilikuwa imefungwa gatini, injini baridi, maji yametulia kama uji uliopoa, nami nikatapika ndani ya kofia ya ofisa aliyekuwa akinikaribisha. Basi tumwache huyo anayezijua, tumfuate Bi Mwamvua, ambaye hakuwahi kuingia hata moja lakini alizitapikia miaka thelathini na minne.

Alikuwa mchukuzi. Usidhani wa stesheni, wa magunia. Alichukua hofu ya mtu mmoja tu, Laurian Bihemo, na kwa sababu aliichukua vizuri, mtu yule alipanda kutoka luteni mwenye chunusi hadi admirali mwenye kitambi.

Siku zile Shirikisho la Maziwa lilikuwa likilinda gesi iliyolala chini ya Ziwa Tanganyika, na wezi wa gesi walikuwa wengi, wenye silaha, na wenye njaa. Vita vilipiganwa kwa nyambizi, kina cha mita elfu moja, mahali ambapo hata samaki hakai. Huko chini nahodha akitetemeka kidole kimoja, wote wanakufa. Wataalamu wakakaa kutafuta namna ya kuwatoa maofisa hofu, wakaigundua, pamoja na kasoro yake: hofu haifutiki. Ukiitoa kwa mtu lazima uipe pa kwenda. Waliizika ardhini, ikarudi. Walijaribu mbuzi, mbuzi wa kwanza alipokea hofu ya koplo mmoja, akapanda juu ya bati, akakataa kushuka, akafia huko kwa kiu. Ndipo wakakumbuka kwamba wapo wanawake maskini.

Kifungo cha kuhamishia hofu kilikuwa kidogo kama punje ya hindi. Kimoja kilipachikwa nyuma ya sikio la ofisa siku aliyovishwa nyota ya kwanza, na pacha wake nyuma ya sikio la mchukuzi. Kuanzia hapo hofu, kichefuchefu, aibu na majuto ya ofisa vilimtoka yeye na kumwendea mchukuzi, hata awe mbali vipi. Ofisa alibaki ametulia kama maji ya mtungini. Furaha haikuhamishwa. Hiyo maofisa walisema wataibeba wenyewe.

Wachukuzi waliwekwa katika nyumba ndefu juu ya kilima, nyuma ya kambi ya wanamaji ya Kigoma. Kila mmoja alipewa kitanda, beseni na ofisa. Ilikuwa nyumba ya vicheko, usishangae. Wanawake thelathini wasiojua saa wala siku ya kutetemeka wasipocheka watafanya nini? Jirani wa kitanda cha Bi Mwamvua, Bi Tatu, alichukua hofu ya kamanda mmoja ambaye vitani hakuwahi kutikisika, lakini kila alipokwenda likizo kwa mkewe, Bi Tatu alianguka chini na kutoka povu.

"Amefika nyumbani kachelewa," alikuwa akisema akijifuta mdomo. "Mwanamume huyu angeoa bomu, shoga yangu, mimi ningepumzika."

Bi Mwamvua aliijua kazi ya Bihemo kwa tumbo. Miezi mitatu ya mwanzo ilikuwa ya kutapika tu, na mwanawe Songoro, aliyekuwa na mwaka mmoja, alinyonya kwa mama anayeyumba kana kwamba yuko majini. Mwaka wa tano vilikuja vita vya kwanza vya Bihemo. Bi Mwamvua aliuma taulo mpaka gego la chini likapasuka na kung'oka, na kesho yake magazeti yakaandika kwamba Kamanda Bihemo hana chembe ya woga. Ilikuwa kweli. Chembe zote zilikuwa kilimani. Mwaka wa kumi na mbili aliamuru boti ya wezi izamishwe na watu wake wakiwa wameinua mikono juu. Bihemo akala chakula cha mchana, akaongeza na matunda. Bi Mwamvua akalia siku tisa, akiwalilia watu asiowajua, bila kujua analilia nini. Mwezi uliofuata Bihemo akawa kapteni, na kilimani ikaletwa barua ya shukrani iliyoandikwa: kwa mhusika.

*

Songoro alikulia chini ya vitanda vya wachukuzi, akicheza na mabeseni, na alipotimiza miaka ishirini na mbili akasema anataka ubaharia. Mama mwingine angemkatalia. Bi Mwamvua alikuwa mjanja, na ujanja huo hakuusamehe mpaka kesho. Aliandika barua kwa wakubwa kuomba kijana apangiwe kwenye nyambizi ya Bihemo mwenyewe, ile iliyoitwa Mgebuka. Aliwaeleza wenzake kwa majivuno kwamba mama za mabaharia wote wanakaa gizani, lakini yeye atakuwa na taa: nahodha wa mwanawe akishtuka tu, atajua yeye kwanza, kabla ya mkuu wa kambi, kabla hata ya Songoro mwenyewe.

"Na nahodha asiposhtuka?" Bi Tatu aliuliza.

Bi Mwamvua alicheka, akamwambia mtu asiposhtuka ujue hakuna hatari.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne asubuhi. Bi Mwamvua alikuwa akikaanga maandazi kwa mawese uani, unga hadi kwenye viwiko, akiimba wimbo wa harusi, na Bi Tatu akimtania kwamba sauti yake inachachua unga. Hakupata hata baridi ya kucha. Alasiri akapanda ofisa mmoja na karatasi yenye majina kumi na tisa, na la nne lilikuwa la Songoro.

Taarifa ya jeshi ilikuja baada ya siku tatu. Ilisema kwamba Baharia Songoro aliacha valvu ya chumba cha nyuma wazi, maji yakaingia, na mlango ukalazimika kufungwa watu wakiwa ndani. Ilisema pia kwamba Kapteni Bihemo alirudi mara tatu kule nyuma kujaribu kuwafungulia, maji yakimfika shingoni, mpaka kugonga kwa ndani kukanyamaza.

Bi Mwamvua aliisoma taratibu, neno kwa neno, kisha akaitazama mikono yake. Mtu aingie mara tatu kwenye maji yanayomfika shingoni, mita mia tisa chini, na mchukuzi wake awe anaimba na kukaanga maandazi? Fundi alikipima kifungo kila mwezi, na mwezi ule alikipima mara mbili. Kilikuwa kizima. Kama Bihemo hakuogopa, hakwenda. Na kama alidanganya kuhusu kwenda, nani aseme hakudanganya kuhusu valvu?

Siku ya saba wanawake walikuwa wamekaa matanga, na mjini Bihemo alikuwa anavishwa nishani ya ushujaa. Hapo ndipo ilipokuja. Haikuwa hofu. Ilikuwa aibu, moto ulioanzia kwenye nyayo ukapanda hadi masikioni, mzito, wa mtu anayesifiwa kwa kitu anachojua hakukifanya. Waombolezaji walidhani ni uchungu wa mzazi, wakamshika, wakampepea. Aibu ya mtu aliyemfungia Songoro mlango ilipita katika mwili wa mama yake, naye akaitapikia katika beseni lilelile alilomwoshea Songoro utotoni.

Kusema hakuweza. Sheria ilikuwa fupi: yapitayo kwenye mwili wa mchukuzi ni siri ya jeshi. Mwenzao mmoja aliyewahi kufungua mdomo alihamishiwa kisiwani, na beseni lake likapewa mtu mwingine siku hiyohiyo kabla halijakauka. Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo mwili wa mchukuzi uliruhusiwa kusema, napo paliitwa Kikombe.

Desturi hiyo wanamaji waliichukua kwa wanywaji kahawa wa Ujiji, ambao tangu zamani wakimshuku mtu humwambia aape huku mwenzake ameshika kikombe kilichojaa. Jeshi likaifanya sheria. Ofisa anayepewa cheo cha juu kabisa, Admirali Mkuu, majalada yake yote hufungwa kwa lakiri na hayafunguliwi tena milele. Kwa hiyo kabla ya kufungwa huulizwa maswali hadharani, na mchukuzi wake hukaa kando yake na kikombe cha kahawa juu ya kiganja. Kahawa ikitulia, majalada yanafungwa. Ikimwagika, jalada la jambo aliloulizwa hufunguliwa, na sanduku la sauti la meli, lile linalonasa yote yasemwayo ndani, husikilizwa mbele ya watu.

Lakini Kikombe ni cha Admirali Mkuu peke yake. Kapteni hakipati. Bi Mwamvua akaelewa kwamba ili mwanawe asikilizwe, Bihemo lazima apande mpaka juu kabisa.

Basi akampandisha. Miaka kumi na moja alikula vizuri, akalala mapema, akakataa kuugua, akaipokea kila hofu bila kupoteza hata tone, ili ofisa wake awe mtulivu kuliko maofisa wote wa Ziwa. Wenzake walichakaa, wakabadilishwa, na maofisa wao wakayumba kwa kuzoea mtu mpya. Bihemo hakuyumba. Wengine hulea mtoto. Bi Mwamvua alimlea aliyemwua mtoto, kwa subira na kwa unadhifu, kama mtu anenepeshaye ng'ombe wa sikukuu.

*

Wiki ya kiapo cha Admirali Mkuu magoti ya Bi Mwamvua yalianza kugongana. Hofu ndogo, ya mfululizo, kama panya kwenye dari. Bihemo alikuwa anaogopa Kikombe, na Bi Mwamvua aliifurahia hofu ile kama mtu anayesikia harufu ya chakula chake jikoni kwa jirani.

Asubuhi ya siku yenyewe, saa mbili, Bihemo alipanda kilimani peke yake. Katika miaka yote walikuwa wameonana mara tatu. Alivaa nguo nyeupe, na uso wake wa miaka hamsini na sita ulikuwa laini, hauna kunyanzi hata moja, kama wa maiti aliyeoshwa vizuri. Makunyanzi yake na ya mwenzake yote alikuwa nayo Bi Mwamvua.

Alimwamkia kwa adabu, akauliza afya, akamsifu kwa utumishi. Kisha akatoa mfukoni kidonge cheupe, akamwambia ni cha moyo, umri umekwenda na ukumbi utakuwa na joto.

"Moyo wangu au wako, afande?"

Bihemo alicheka. "Wako, mama, wako."

"Nikuulize kitu kabla sijameza," Bi Mwamvua alisema. "Kwenye Mgebuka kulikuwa na kijana anaitwa Songoro."

"Aliyeacha valvu wazi." Alijibu upesi, kama anayesoma kibao cha barabarani. "Ulimfahamu?"

"Kidogo. Nilimzaa."

Bihemo alimtazama. Miaka thelathini na minne hakuwa amewahi kuuliza kama mchukuzi wake ana mtoto. Akasema pole.

Bi Mwamvua alishika ukingo wa kitanda, akaisubiri ile aibu ya matanga irudi. Haikurudi, hata ya kuchoma kama sindano. Mtu aliyesimulia uongo mmoja kwenye karamu miaka kumi na moja alikuwa ameshauzoea, na sasa ulimkaa mwilini kama kiatu cha siku nyingi. Hakumwonea aibu Songoro, wala mama yake. Kilichokuwepo ni hofu ya kukamatwa tu, ileile ya magotini.

"Meza, mama," alisema. Sauti ilikuwa tulivu kabisa, na magoti ya Bi Mwamvua yakagongana kwa nguvu.

Akaweka kidonge mdomoni, akanywa maji, akajifuta. Bihemo akamwambia afungue aone. Akafungua. Akainua ulimi, akautoa, akauzungusha, na kidonge kimekaa kimya ndani ya pengo la lile gego lililong'oka vitani kwa niaba ya Bihemo. Admirali alitazama ulimi, akaridhika. Mtu asiyewahi kuuma taulo hajui mapengo yako wapi.

Magoti ya Bi Mwamvua yakatulia palepale.

Bihemo alipoteremka, Bi Mwamvua alikitema kidonge, akakifunga kwenye pindo la kanga. Bi Tatu, aliyekuwa amejilaza akijifanya anakoroma, aliketi akapiga makofi ya polepole.

"Shoga, wewe ni ibilisi."

"Nimefundishwa na jeshi," Bi Mwamvua alisema, naye kwa mara ya kwanza tangu ile Jumanne akaimba kidogo, njia nzima ya kuteremka mjini.

*

Ukumbi ulikuwa na watu mia nne, nusu yao wamevaa nyeupe. Jukwaani palikuwa na viti vitatu: cha Admirali, cha mchukuzi, na cha Jaji Nestoria Rukonge, mama mwembamba aliyezoea kusikiliza huku ameinamisha kichwa, kama anayepima chumvi. Mezani kwake palikuwa na majalada ya Bihemo yaliyopangwa, lile la Mgebuka likiwa juu, na kando yake lakiri na mshumaa.

Bi Mwamvua aliapishwa kwanza. Kiapo cha mchukuzi kilikuwa maneno matano, na aliyatamka kwa fahari: mkono wangu hauongezi wala haupunguzi. Ilikuwa fahari ya haki. Bi Tatu aliwahi kujitia kutetemeka ili akwepe zamu ya kufagia, na wengine walifanya hivyo ili walale. Bi Mwamvua hajawahi. Alichotetemekea ndicho kilichokuja, na kilichokuja ndicho alichotetemekea. Maishani mwake hakuwa na kitu kingine cha kujivunia, mwanawe ukimtoa.

Kikombe kikawekwa kiganjani mwake, kidogo, kisicho na sikio, kahawa imejaa mpaka ukingoni. Ilikuwa ya moto. Hakujali. Aliketi wima akisubiri magoti.

Jaji alianza na swali la sheria. "Mchukuzi wako amepewa chochote leo, cha kunywa au cha kumeza?"

"Hajapewa kitu, mheshimiwa," Bihemo alisema.

Kahawa haikutikisika.

Bi Mwamvua aliitazama. Hakuamini. Ulikuwa uongo mkavu, mbele ya watu mia nne, na hakuna kilichomfikia. Jaji akafungua jalada la juu, akasoma majina kumi na tisa kwa sauti moja, asiharakishe hata moja, kisha akauliza kama ni kweli kwamba alirudi kule nyuma.

"Mara tatu, mheshimiwa. Maji yalinifika hapa." Akaonyesha shingo.

Kahawa ilikuwa imelala kama kioo. Bi Mwamvua aliona humo taa za ukumbi, na uso wake mwenyewe, mweusi, mdogo, umekodoa macho. Ndipo akaelewa alichofanya. Bihemo alikuwa haogopi. Alimwona akimeza, akasadiki, akatulia. Na mtu aliyetulia hana cha kumpelekea mchukuzi wake. Kidonge kilikuwa kimefungwa kwenye kanga, na kimefanya kazi yake yote. Angalikataa kukimeza waziwazi, angalikitupa chini mbele ya macho yake, Bihemo angaliingia ukumbini hofu imemjaa, na kahawa ingaliruka hadi kwa jaji. Ujanja wake wa pili ulikuwa umekwenda kukaa pamoja na ule wa kwanza.

Bihemo aliendelea, kwa sauti ya chini, nzuri. Alieleza walivyogonga kwa ndani. Alieleza kugonga kulivyopungua. "Nililia, mheshimiwa," alisema. "Nilisimama kwenye mlango ule nikalia kama mtoto."

Ukumbi ulitikisa vichwa kwa huruma. Watu wakipewa hotuba tamu, akili huiweka chini ya kiti pamoja na viatu. Lakini mwenye machozi alikuwa amekaa pale. Ya Bihemo yote, tangu akiwa luteni, yalipita kwenye macho ya Bi Mwamvua, hakuna aliyeyajua kuliko yeye. Jumanne ile hayakupita. Jumanne ile alikuwa na unga mikononi, anaimba harusi.

Jaji aliuliza kama kuna mwenye neno. Akakitazama kikombe, akaandika, akaichukua lakiri na kuisogeza kwenye mshumaa. Nta ikaanza kulainika.

Bi Mwamvua alikuwa na muda wa nta kuyeyuka, basi. Akiutikisa mkono, atakuwa ameapa uongo, na ile miaka thelathini na minne ya kutoongeza wala kupunguza itakuwa imekwisha kwa pumzi moja. Hatakuwa tofauti na huyu aliyekaa kando yake. Tena, kama amekosea? Huenda mtu akaingia hatarini bila kuogopa. Labda kweli alirudi, labda kweli valvu ilikuwa ya Songoro, mtoto ambaye hata nyumbani bomba alikuwa hafungi sawasawa. Alilikumbuka hilo bomba, likidondosha maji uani, na yeye akimfokea. Asipoutikisa, mkono wake utabaki mwaminifu, na Songoro atabaki mzembe aliyewazamisha wenzake, kwa lakiri, milele.

Nta ilidondosha tone la kwanza, kando ya jalada.

Bi Mwamvua akautikisa mkono.

Hakuutikisa kidogo kwa haya. Kahawa ilimwagika yote, juu ya kanga, ikapenya hadi pajani, ikamchoma, naye hakupiga kelele kwa sababu kelele aliziacha kitambo kwenye mataulo ya jeshi. Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Jaji akaushikilia mkono wake wa lakiri hewani.

Sasa, mtu mwingine yeyote angenyamaza. Wewe ungenyamaza, mimi ningenyamaza. Tungeinamisha kichwa, tungesema kikombe kilikuwa cha moto, mama huyu mzee, tungetafuta njia. Lakini kinachomfunga mtu mdomo ni hofu, na hofu ya Bihemo ilikuwa imekaa kiti cha pili.

"Haiwezekani," alisema, kwa sauti safi iliyofika hadi mlangoni. "Mkono wake hauwezi kutetemeka leo. Nimemwona mwenyewe akimeza."

Jaji Rukonge aliinamisha kichwa, kama kawaida yake.

"Akimeza nini, Admirali?"

Bi Mwamvua alikifungua kifundo cha kanga iliyolowa, akakitoa kidonge, akakiweka mezani mbele ya jaji, karibu na jina la nne.

Jaji alikitazama, akamtazama yeye. Aliuliza polepole: "Na mkono wako, mama?"

"Umetetemeka, mheshimiwa."

Hakudanganya. Ulitetemeka, kila mtu aliuona. Nani aliutetemesha, hakuulizwa. Jaji alimkazia macho kwa muda mrefu kuliko inavyopendeza, kisha akaupuliza mshumaa. Akaamuru jalada la Mgebuka lifunguliwe, na sanduku la sauti liletwe kesho saa tatu asubuhi, lisikilizwe mbele ya jamaa za wale kumi na tisa.

Ndipo ikaja. Bi Mwamvua aliisikia ikianzia kwenye nyayo, ile ya matanga, moto uleule, lakini sasa ya miaka kumi na moja yote kwa mpigo. Ilimpanda magotini, kiunoni, kifuani. Kamera zilikuwa zikimwelekea Bihemo, maofisa wenzake walikuwa wakisogeza viti mbali naye, na kila jicho lililomgeukia yeye lilimpiga Bi Mwamvua kofi. Akaishika ile kahawa iliyobaki, yaani kikombe kitupu, kwa mikono miwili, maana sasa mikono ilikuwa ikitetemeka kwelikweli na hakuna aliyeihitaji tena. Bihemo alikuwa amesimama, mrefu, mweupe, laini, ametulia kama maji ya mtungini.

Hata jaji alishangazwa na utulivu ule. "Laurian Bihemo," alisema, "huoni aibu?"

Bihemo aliinamisha kichwa. Akaweka kiganja kifuani, upande wa kulia, mahali ambapo aibu haijawahi kumkaa mtu yeyote.

"Naiona, mheshimiwa," alisema. "Naiona aibu, inaniunguza, sijui niuweke wapi uso wangu."

Watu mia nne hawakumtazama uso wake. Mmoja baada ya mwingine waligeuka, wakamtazama Bi Mwamvua, mashavu yameiva, machozi na jasho vikimwagika ndani ya kikombe kitupu, na kile kifungo kidogo nyuma ya sikio lake kikiwa mahali pake, kizima, kinafanya kazi.